Ramani ni ya wote, shamba ni la mwenyewe: sharti la kurudisha tunapotumia OpenStreetMap



Siku hizi wanunuzi wa kahawa wanauliza jambo ambalo zamani hawakuuliza: shamba liko wapi kabisa? Haitoshi tena kusema kahawa imetoka Kalehe, Kabare ao Idjwi. Sababu ni sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Inakataza kuingiza Ulaya kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yaliyotoka mahali ambapo pori lilikatwa baada ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2020. Tarehe ya kuanza kwake imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini sheria yenyewe iko, na vipimo vinaombwa tayari. Kwa shamba la zaidi ya hektari 4, inataka mzunguko mzima wa mpaka. Kwa shamba dogo, kama yalivyo mengi ya kwetu, alama moja ya GPS yenye tarakimu 6 nyuma ya nukta inatosha.

Juu ya hiyo, koperative inatuma vijana kupima mashamba. Wakirudi buroni, alama peke yake hazisomeki: ni vidonda tu kwenye karatasi nyeupe. Basi wanaweka chini yake barabara, mito na vijiji kutoka OpenStreetMap, kwa sababu ni bure.

Ni bure kweli. Lakini kuko sharti, na sharti hilo wengi hawalisomi. Kutoka hapo linakuja swali zito kwa mwanachama: tukitumia ramani ya wote, je, mashamba yetu nayo yatakuwa ya wote? Jibu kwa ufupi ni hapana, kama mashamba na ramani vimekaa kila kimoja mahali pake. Mkivichanganya ndani ya faili moja, jibu linaweza kugeuka. Makala hii inaeleza kwa nini, na namna ya kufanya.

Ramani hii ilitoka wapi?

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004. Ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea. Mtu yeyote anaweza kuongeza barabara, daraja, soko, shule ao kisima, na mtu yeyote anaweza kuchukua data hizo akazitumia. Programu za telefone kama OsmAnd na Organic Maps, ambazo maagronomu wengi wanazitumia mahali pasipo na mtandao, zinatoa ramani zao humo.

Kwetu mashariki ya Kongo, sehemu kubwa ya ramani ilijazwa wakati wa shida. Mpango wa Missing Maps ulianzishwa mwaka 2014 na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), na kundi la kibinadamu la OpenStreetMap liitwalo HOT, ili vijiji visivyoonekana kwenye ramani vionekane kabla ya janga. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, na tena baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, watu wa kujitolea walichora nyumba na njia wakiangalia picha za satelaiti. Jirani zetu wamefanya vilevile: kule Nairobi, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao mwaka 2009, kule Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kuchora mitaa inayopigwa na mafuriko.

Kwa hiyo barabara unayoiona kwenye ramani haikuanguka kutoka mbinguni. Ni jasho la watu. Na watu hao waliweka masharti ya namna jasho lao litatumika.

Fikiria salongo

Masharti hayo yameandikwa katika leseni inayoitwa ODbL. OpenStreetMap inaitumia tangu tarehe 12 mwezi wa 9, 2012. Imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, lakini roho yake tunaijua vizuri. Ni roho ya salongo.

Kijiji kinatoka pamoja na majembe, kinafungua njia mpaka sokoni. Njia ile ni ya wote. Mama mwenye kitunga anapita, na mchuuzi mwenye kamioni anapita, hata kama yeye anapata faida. Hakuna mtu wa kumwambia lipa. Lakini kuko mambo matatu. La kwanza, usiseme njia hiyo uliifungua wewe peke yako. La pili, ukiipanua ao ukiweka daraja jipya juu yake, hilo daraja nalo ni la njia, wengine watapita pia. La tatu, usiweke bariere.

Na nyumba yako iliyo kando ya njia? Inabaki yako. Kupakana na njia hakuifanyi nyumba kuwa njia.

ODbL inasema hivyohivyo. Kwanza, taja chanzo. Pili, ukibadilisha ao ukiongeza kwenye data na ukazitoa nje, zitoe kwa leseni ileile. Hili ndilo sharti la kurudisha. Tatu, usifunge data hizo kwa ufunguo wa siri ukawanyima watu. Kama kuko faili lililofungwa, lazima kuwe na lingine lisilofungwa. Biashara inaruhusiwa. Kuuza kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuchukua cha wote na kukifanya cha mmoja.

Vitu vitatu tusivyopashwa kuchanganya

Fujo nyingi inatoka hapa, kwa hiyo tusome polepole.

Cha kwanza ni ramani iliyokwisha kutengenezwa: karte ya karatasi ukutani, picha ndani ya raporo, bango la kituo cha kuoshea kahawa. Hiyo ni kazi yenu. Mnaweza kuiuza, na mnaweza kumkatalia mtu kuikopi. Wajibu mkubwa ni kuandika chini yake chanzo: "© Wachangiaji wa OpenStreetMap", ao kwa Kifaransa "© les contributeurs d'OpenStreetMap", pamoja na anwani openstreetmap.org/copyright ambapo leseni inaelezwa. Lakini angalia: kama kabla ya kuichapa mlisahihisha barabara za OpenStreetMap, yule mliyempa karte ana haki ya kupata pia data zile mlizosahihisha. Mnaweza kumpa faili zima, ao orodha ya mabadiliko tu. Kwenye intaneti ni bure. Mkimpa kwa ufunguo wa USB, mnaweza kudai gharama ya kawaida ya kutengeneza, si bei ya soko.

Cha pili ni data za OpenStreetMap zilizobadilishwa. Mmechukua barabara za Kalehe, mmeongeza njia 200 za mguu, mmerekebisha majina ya vijiji, mmefuta daraja lililochukuliwa na maji. Faili hilo limekuwa mtoto wa OpenStreetMap. Likitoka nje ya koperative, linatoka na leseni ya mama yake, ODbL. Hamuwezi kumpa mnunuzi na kumwambia, hii ni siri yetu sisi wawili.

Cha tatu ni mkusanyiko. Hapa data za OpenStreetMap ziko katika tabaka lake, data zenu ziko katika tabaka lingine, na kila moja inaweza kusimama bila nyingine. Mnaziangalia pamoja kwenye kompyuta, lakini hazikuingia moja ndani ya nyingine. Sharti la kurudisha linashika tabaka la OpenStreetMap peke yake. Tabaka lenu mnalitawala wenyewe. Ndiyo ile nyumba kando ya njia.

"Nje" ni wapi?

Sharti la kurudisha linaamka siku ile data zinatoka nje. Ndani ya koperative mnaweza kubadilisha mnavyotaka, hakuna anayewadai. Leseni inahesabu pia kama ndani yule konsultani mliyemwajiri, anayefanya kazi kwa amri yenu.

Lakini mnunuzi si ndani. ONG mnayoshirikiana nayo si ndani. Koperative jirani si ndani. Mkimpa mmoja tu kati yao faili lililobadilishwa, limekwisha kutoka. Hamlazimiki kulitangaza kwa dunia nzima. Mnalazimika kwa wale mliowapa. Ila yule aliyepokea faili lenye ODbL ana haki ya kulipeleka mbele, naye hakosi kitu akifanya hivyo.

Ndugu, hapo ndipo hatari iko.

Mfano: faili mbili za koperative moja

Tuseme koperative ya kahawa kandokando ya Ziwa Kivu iko na wanachama 600. Huu ni mfano tu, si koperative fulani.

Kijana wa data anachukua barabara, mito na mashamba machache yaliyochorwa tayari katika OpenStreetMap. Anaanza kuongeza humohumo. Mahali ambapo mpaka wa shamba unafuata mto, hapimi kwa mguu. Anavuta mstari wa mto ulioko kwenye ramani, anaufanya mpaka. Mahali ambapo OpenStreetMap iko na shamba tayari, analiacha na kulipa jina la mwenyewe. Mahali ambapo hakuna, anachora. Mwisho, faili moja: barabara, mito, mipaka, majina ya wanachama, namba zao za telefone, idadi ya miti ya kahawa.

Faili hilo limeshonwa pamoja. Sehemu ya mashamba imetolewa kwenye OpenStreetMap, na sehemu imejaza pengo la OpenStreetMap kwa kitu cha aina ileile, mahali palepale. Haliwezi tena kuitwa mkusanyiko. Likipelekwa kwa mnunuzi, mnunuzi anaweza kusema: mumenipa data zenye ODbL, nina haki ya kuzitumia na kuzitangaza. Kwa upande wa leseni atakuwa na neno la kusimamia. Wanachama 600 watajikuta mashamba yao yanatembea, na hawakuulizwa.

Katika Kivu ya Kusini hatuhitaji kuelezana kwa nini hilo ni baya. Ugomvi wa mashamba umevunja ukoo na umevunja vijiji. Mpaka uliochorwa vibaya, wenye jina la mtu, ukitoka bila mzee wa kijiji ao jirani kuuona, unaweza kugeuka kuwa "ushahidi" siku moja. Na orodha ya nani iko na miti mingapi, pamoja na namba ya telefone, si kitu cha kuacha barabarani.

Sasa tazama koperative ileile ikifanya kwa njia nyingine. Kijana anafungua faili mbili. Katika la kwanza anaweka barabara na mito ya OpenStreetMap. Katika la pili anaweka mashamba, yote yakiwa yamepimwa kwa mguu na GPS, mwenye shamba akiwepo na jirani akiwepo. Hachoti mstari wowote kutoka faili la kwanza, na hachukui shamba lolote lililochorwa na wengine. Kila shamba linapewa namba ya kodi. Majina na telefone viko katika daftari la tatu, linalokaa buroni chini ya ulinzi wa sekretere.

Mnunuzi akiomba vipimo kwa ajili ya sheria ya Ulaya, anapewa alama za mashamba pamoja na kodi, kwa mkataba unaosema atazitumia kwa kazi gani na asimpe nani. Hakuna ODbL inayozuia mkataba huo, kwa sababu data hizo ni za koperative tangu mwanzo. Akiomba ramani ya barabara, anapewa na chanzo kinatajwa. Kama barabara zilisahihishwa, anapewa na leseni yake. Kila kitu kiko mahali pake.

Tofauti kati ya vijana hawa wawili si elimu ya juu. Ni faili moja ao mbili.

Kidogo kinahesabika?

Mtu atauliza: na kama nimechukua vitu vitatu tu? Shirika linalosimamia OpenStreetMap limetoa mwongozo: vitu chini ya 100 vinahesabika kuwa kidogo, na sharti la kurudisha haliamki. Lakini usifanye ujanja wa kuchukua 90 leo, 90 kesho, 90 kesho kutwa. Kuchukua kidogo kidogo kwa mpango kunahesabika kama kuchukua kingi.

Na ukikosea? Leseni inakatika yenyewe kwa aliyevunja masharti. Hata hivyo, imeacha mlango: kama ni mara yako ya kwanza kupewa onyo, na ukarekebisha ndani ya siku 30, haki yako inarudi. Kwa hiyo barua ya namna hiyo ikifika buroni, isitupwe kwenye droo.

Njia rahisi ya kulipa deni

Koperative nyingi zinaogopa sharti la kurudisha kwa sababu zinafikiri ni kazi ya wanasheria. Kuko njia fupi. Mkisahihisha barabara, daraja ao jina la kijiji, fanyeni masahihisho hayo moja kwa moja ndani ya OpenStreetMap. Hapo deni limelipwa: mabadiliko yako hadharani, na mtu yeyote anayapata. Kesho mnachukua tena data mpya, zikiwa na kazi yenu ndani, pamoja na kazi ya wengine waliopita nyuma yenu.

Faida inarudi kwetu. Barabara ya kijiji ikiwa imechorwa vizuri, dereva wa kamioni anaiona, muuguzi wa chanjo anaiona, na siku ya janga waokoaji wanaiona. Wakati maji yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, mwezi wa 5 wa 2023, na kuua watu zaidi ya 400, tulijifunza upya kwamba kijiji kinapashwa kujulikana kiko wapi na njia yake ni ipi.

Sharti hilo linatulinda pia dhidi ya wakubwa. Kampuni yenye pesa ikichukua njia zetu tulizochora, ikaziboresha na kugawa data hizo nje, haiwezi kuweka bariere. Inabanwa na leseni ileile inayotubana sisi.

Lakini kwa kuingiza data, kuwe na mipaka:

Usikopi kutoka Google Maps ao ramani nyingine yenye mwenyewe. Kuiona bure kwenye telefone hakukupi ruhusa ya kuinakili.

Usiingize data za ONG zilizoandikwa "si kwa biashara". OpenStreetMap inaruhusu biashara, kwa hiyo masharti hayo mawili hayakai nyumba moja. Omba kwanza ruhusa kwa maandishi.

Usiingize jina la mkulima, telefone yake, wala mavuno yake. OpenStreetMap si mahali pa habari za mtu binafsi, na sheria ya nchi yetu kuhusu mambo ya kidijitali, ile namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inalinda habari hizo.

Na ukumbuke kwamba kilichoingia kimekwisha kuonwa na kuchukuliwa na wengine. Hata ukikifuta kesho, historia yake inabaki. Vipimo vyenu vya asili vinabaki vyenu na mnaweza kuvitumia mnavyotaka, lakini hamuwezi kumnyang'anya mtu aliyekwisha kuvipokea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma faili

Raisi wa koperative hahitaji kujua kutumia kompyuta ili asimamie jambo hili. Anahitaji kumuuliza kijana wa data maswali haya, na kungoja jibu:

1. Ndani ya faili hili, nini kimetoka OpenStreetMap na nini tumepima wenyewe? Kama hawezi kutenganisha, faili lisitoke.

2. Kuna mpaka wowote wa shamba uliovutwa juu ya mstari wa OpenStreetMap? Kama uko, urudiwe kupimwa kwa mguu.

3. Tumebadilisha barabara ao mito? Kama ndiyo, masahihisho yameingizwa OpenStreetMap, ao yanatumwa pamoja na leseni?

4. Chanzo kimeandikwa chini ya ramani?

5. Majina na telefone za wanachama ziko ndani? Kama ziko, nani alikubali, na iko wapi sahihi yake?

6. Mkataba na anayepokea unasema nini? Msimwahidie siri juu ya tabaka la OpenStreetMap, kwa sababu siri hiyo si yenu ya kutoa. Mdai siri juu ya tabaka la mashamba, kwa sababu hilo ni lenu.

Maswali haya yasomwe mbele ya mkutano mkuu, na majibu yaandikwe katika kitabu cha koperative. Kama faili lenu limekwisha kuchanganywa na halijatoka nje, hakuna kosa bado: mtengane sasa, kabla mnunuzi hajapiga telefone. Kupima upya mashamba 600 kunachosha miguu kwa wiki kadhaa. Kumrudisha jirani aliyekwisha kwenda tribinali na karte mkononi kunaweza kuchosha watoto wetu pia.